Dawa ya Kulegeza Misuli Hailegezi Mgongo Peke Yake

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa wadi ya Kiuu



Kabla jua halijachomoza, soko la Githurai 45 huwa limeshaamka. Magunia ya viazi na vitunguu yanashushwa kutoka kwenye malori, mikokoteni inasukumwa, akina mama mboga wameinama wakichagua nyanya. Vijana wa mjengo wako njiani, na wahudumu wa bodaboda wamekalia pikipiki tangu alfajiri. Kazi zote hizi hutegemea mgongo. Si ajabu basi kwamba maumivu ya mgongo, shingo na kiuno huwapeleka wengi kliniki, na baadhi yao hurudi nyumbani na bahasha ndogo yenye dawa ya kulegeza misuli.

Dawa hii ina manufaa ikitumiwa ipasavyo. Shida huanza pale mtu anapoichukulia kama tembe yoyote ya maumivu. Msuli ukiumia, hukaza ili kulinda sehemu iliyoumia, na kukaza huko ndiko huleta maumivu makali. Wengi hudhani tembe huenda moja kwa moja hadi kwenye msuli huo. Sivyo. Dawa nyingi za kundi hili hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikipunguza ishara zinazoamuru misuli ikaze. Ubongo huo huo ndio unaomweka mtu macho, unaomsaidia asiyumbe anapotembea na unaoongoza pumzi yake. Ndiyo maana mgonjwa husinzia, hupata kizunguzungu, mdomo humkauka na miguu humlegea. Dawa hailegezi mgongo peke yake. Humlegeza mtu mzima.

Dawa za kundi hili ni kadhaa. Kuna tizanidini. Kuna klorzoksazoni, ambayo mara nyingi huchanganywa kwenye tembe moja na parasetamoli au diklofenaki. Kuna baklofeni, ambayo hupewa hasa watu waliokakamaa misuli kwa sababu ya kiharusi, jeraha la uti wa mgongo au utindio wa ubongo. Kuna pia diazepamu, ambayo hulegeza misuli na pia huleta usingizi. Kila moja ina tahadhari zake, kwa hiyo jambo la kwanza ni mgonjwa kulijua jina la dawa yake. "Ile tembe nyeupe ya mgongo" si jina. Mgonjwa amwombe mfamasia aliandike wazi kwenye bahasha.

Jambo la pili ni kutaja dawa nyingine zote anazotumia. Chukua mfano wa mbebaji mizigo aliyepewa tizanidini. Siku ya tatu anapata homa na tumbo linamsokota. Rafiki anamwambia hiyo ni taifodi. Bila kupimwa, anaingia dukani na kununua siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro. Hasemi lolote kuhusu tembe za mgongo, maana anaona maradhi haya mawili hayahusiani. Lakini sipro huzuia ini kuivunja tizanidini. Utafiti uliofanyiwa watu wenye afya njema ulionyesha kwamba dawa hizi zikimezwa pamoja, kiasi cha tizanidini mwilini hupanda hadi karibu mara 10. Shinikizo la damu hushuka, macho huwa mazito, na mtu anaweza kuzirai anapoinuka kitandani. Kwa sababu hiyo, dawa hizi mbili hazipaswi kutumiwa pamoja hata kidogo. Kilichokosekana pale dukani ni sentensi moja tu: "Kuna dawa nyingine ninayotumia."

Sentensi hiyo inahusu pia dawa za presha, za kifafa, za usingizi, dawa za mitishamba, na hata tembe za mafua. Piriton nayo huleta usingizi, na ikiongezwa juu ya dawa ya misuli, usingizi huzidi. Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini. Zikichanganywa na dawa ya kulegeza misuli bila usimamizi wa daktari, pumzi inaweza kupungua hadi ikasimama.

Pombe hufanya vivyo hivyo. Wakazi wa kandokando ya Thika Road wanajua habari za kuwekewa mchele, yaani mtu kutiliwa dawa kwenye kinywaji, akapoteza fahamu na kuibiwa. Dawa za jamii ya diazepamu zimewahi kutumiwa katika uhalifu wa aina hiyo. Mgonjwa anayemeza diazepamu ya mgongo jioni kisha akashushia na pombe amejiwekea mchele mwenyewe. Anayetumia dawa hizi aache pombe mpaka amalize dozi. Wala miraa haiondoi hatari hiyo. Huficha usingizi kwa muda, lakini dawa bado imo mwilini.

Kwa mhudumu wa bodaboda, dereva wa matatu, fundi anayepanda ngazi au mtu anayetumia mashine, jambo hili ni la uhai. Dozi ya kwanza imezwe akiwa nyumbani, siku ambayo hatashika usukani, ili ajue inavyomwathiri. Akiona inampa usingizi au kizunguzungu, asiendeshe, na amweleze daktari kazi anayofanya ili atafutiwe njia nyingine. Sheria ya Trafiki ya Kenya, katika kifungu cha 44, haizungumzii pombe pekee. Kuendesha gari au pikipiki huku dawa imemlemea mtu kiasi cha kushindwa kuidhibiti ni kosa pia.

Kuhusu kipimo, bahasha ikiandikwa 1x3 maana yake ni tembe moja mara tatu kwa siku. Si tembe tatu kwa mpigo. Aliyesahau dozi asimeze mbili kufidia. Kama tembe imechanganywa na parasetamoli, mgonjwa asiongeze Panadol juu yake bila kuuliza. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500, na kuzidisha huumiza ini. Kama imechanganywa na diklofenaki, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha aseme mapema. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa ini waseme pia. Wazee huhitaji uangalifu zaidi, maana kizunguzungu cha usiku wakielekea chooni kinaweza kuishia kwa nyonga iliyovunjika.

Kwa mgongo ulioteguka, dawa hizi kwa kawaida hutumiwa kwa siku chache, pengine wiki mbili au tatu. Hazikukusudiwa kuwa chakula cha kila siku cha mfanyakazi. Diazepamu ikitumiwa kwa muda mrefu huzoeleka, na mwili huanza kuidai. Hata hivyo, anayetumia baklofeni, au aliyetumia diazepamu kwa muda mrefu, asiache ghafla. Kuacha kwa siku moja kunaweza kuleta kifafa na kumfanya mtu aone au asikie vitu visivyokuwepo. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo. Mgonjwa wa baklofeni arudi kliniki kabla tembe hazijamwishia.

Dawa hizi hutolewa kwa karatasi ya daktari. Duka la dawa halali husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, na mteja ana haki ya kuomba kuiona leseni ya mwaka huu. Tembe zinazouzwa moja moja bila pakiti, kwenye kiosk au kwa mchuuzi, hazina jina, tarehe wala nguvu inayojulikana. Hatari hiyo ni ya kweli. Karisoprodoli, dawa nyingine ya kulegeza misuli, ilipendekezwa kusimamishwa barani Ulaya mwaka 2007 kwa sababu ya uraibu. Mnamo Februari 2025 India ilichukua hatua ya kuzuia tembe zilizochanganya karisoprodoli na tapentadoli, dawa kali ya maumivu, baada ya kubainika kwamba zilikuwa zikiuzwa mitaani Afrika Magharibi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kumgawia jirani tembe zilizobaki si wema. Mgongo wake unaweza kufanana na wako, lakini figo, presha na dawa anazotumia hazifanani. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja, dawa ziwekwe juu kabisa, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na watoto. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali iliyo karibu pamoja na pakiti ya dawa. Mtu mzima akipatikana amelala fofofo na haamki, au anapumua polepole sana, naye apelekwe mara moja.

Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayafai kusubiri tembe. Mtu akipata ganzi kati ya mapaja, akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikiishiwa nguvu, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Mgongo unaoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda unahitaji uchunguzi, kwa kuwa kifua kikuu hushika uti wa mgongo pia.

Kwa wengine wengi, mgongo ulioteguka hupona ndani ya wiki chache. Kutembea taratibu husaidia kuliko kulala kitandani siku nzima, na kitambaa cha maji ya moto hutuliza. Mzigo nao upunguzwe. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, na kanuni hiyo humlinda mkulima na mgongo wa anayebeba.

Wakazi wa Kiuu, kabla ya kutoka kliniki au duka la dawa, kila mgonjwa aulize maswali manne: Dawa hii inaitwaje? Nitaimeza kwa siku ngapi? Haipatani na nini? Je, ninaweza kufanya kazi yangu nikiwa nimeimeza? Anayeuliza hamsumbui mfamasia. Kumjibu ni sehemu ya kazi ya mfamasia.