Faroma ya viatu inayokunjika

Katika soko la Mutrah, mjini Muscat, huuzwa makubadhi ya ngozi na kofia zilizodariziwa. Msikilizaji wa Unguja anaijua faroma ya kofia, gogo la mviringo linalovishwa kofia iliyofuliwa isije ikanywea. Mshona viatu naye ana faroma yake, yenye umbo la mguu, ya mti au ya plastiki. Ngozi huvutwa juu yake mpaka ishike umbo hilo.

Makubadhi yako wazi, hayamtaabishi fundi. Taabu iko katika kiatu cha kufunika. Mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo lake, hivyo faroma ya kipande kimoja ikivutwa kwa nguvu huharibu kisigino. Ndiyo maana viwandani hutumika faroma iliyokatwa katikati na kutiwa bawaba: ikikunjwa hufupika, kisigino huachia, nayo hutoka bila kuichana ngozi. Nyingine zina skurubu za kuirefusha na kuipanua.

Hayo si mambo ya urembo tu. Oman, kama majirani zake wa Ghuba, ina wagonjwa wengi wa kisukari, na mguu uliokufa ganzi hausikii kiatu kinapochubua. Kidonda kidogo huweza kuishia katika kukatwa mguu. Makubadhi, kwa uzuri wake wote, hayakingi vidole. Wagonjwa hao hushauriwa kuvaa viatu vya kufunika, vyenye nafasi. Mguu uliopinda ukikosa kiatu madukani, fundi huongeza vipande vya ngozi juu ya faroma, pale palipo na kinundu, ndipo akavuta ngozi ya kiatu.