Ruzuku na Mkutano wa Kijiji: Nani Anamjibu Nani?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Morogoro mbele ya viongozi wa vikundi vya wakulima na wenyeviti wa vijiji vya Uluguru.)



Mmenipa kazi ya kuzungumzia ruzuku zinazotolewa na wafadhili kwa shabaha ya kuimarisha ushiriki wa wananchi na demokrasia ya vijijini. Ni jambo lililozungukwa na maneno mengi mazuri, na sisi waandishi wa habari tumefunzwa kuyashuku maneno mazuri mpaka tuone yanafanya kazi gani. Kwa hiyo naomba tuanze na milima hii inayotutazama, kisha ndipo tuje kwenye fedha.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kwenye karatasi makusudio yake yalikuwa na maana: udongo ulikuwa ukimomonyoka na kuteremka mitoni. Dawa iliyoagizwa ilikuwa matuta ya ngazi, na wananchi, wake kwa waume, walilazimishwa kuyachimba kwa siku zilizopangwa kila wiki, huku watawala wa kienyeji wakitumiwa kuwasimamia na wakaidi wakiadhibiwa. Wakulima walieleza kwamba mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba, na kwamba ukichimba tuta unaufukia udongo hai na kuuleta juu udongo mfu. Maelezo hayo hayakuwa na mahali pa kupokelewa. Mwezi Julai 1955 Matombo ikalipuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukaachwa.

Ndugu wananchi, mpango ule ulikuwa na wataalamu na ulikuwa na fedha. Kilichokosekana ni kikao ambacho mkulima wa Matombo angeweza kusimama na kusema hapana, na hapana yake ikaandikwa. Nenda leo Mgeta uone miteremko iliyokatwa ngazi kwa ngazi na kupandwa kabichi, karoti na viazi. Hakuna askari aliyesimama pale. Mgeta walikuwa na ngazi zao za asili hata kabla ya mkoloni kuwafundisha kwa kiboko, na matuta waliyoyaona yana faida kwa mboga wakayashika wenyewe.

Tena historia ina mzaha wake. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika eneo la Kibungo Juu, ambapo wakulima waliojenga makinga maji, kupanda miti na kuhifadhi ardhi walilipwa, na miongoni mwa walipaji walikuwa DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, kwa sababu maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka huku. Kazi ambayo wazee walishurutishwa kuifanya, wajukuu wao waliifanya kwa mkataba. Mimi siiiti hiyo ruzuku wala hisani. Ni bei ya huduma, na mwenye kuuza huduma ana sauti ambayo mpokea hisani hana. Tuikumbuke tofauti hiyo tunapoendelea.

Sasa tuje kwenye demokrasia yenyewe. Tusijidanganye kwamba wageni ndio waliotuletea. Tulikuwa na serikali za mitaa, tukazifuta mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani, na madaraka yaliyodaiwa kwenda kwa wananchi yakaishia kwa watumishi wa serikali mikoani na wilayani. Vyama vya ushirika navyo vikafutwa mwaka 1976. Mwalimu mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvifuta vyombo hivyo viwili kulikuwa kosa. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ilizirudisha halmashauri za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984, na Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kwa sheria hiyo kila kijiji kina mkutano mkuu wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji ina kamati ya fedha, uchumi na mipango, kamati ya ulinzi na usalama, na kamati ya huduma za jamii na kujitegemea. Mkutano mkuu unapaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Tabasamu hilo ndilo somo letu, maana sote tunajua vijiji ambavyo mwaka umepita bila mkutano, na vingine ambavyo mkutano umefanyika lakini mapato yakasomwa haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Katika pengo hilo ndipo ruzuku ilipoingia. Mwaka 2002 liliundwa shirika liitwalo Foundation for Civil Society, likaanza kazi mwaka 2003, kwa fedha zilizochangwa na nchi wafadhili, zikiwamo Uingereza, Uswisi na Denmark kwa vipindi mbalimbali. Kazi yake ni kuvipa ruzuku vyama vya hiari Bara na Visiwani. Moja ya kazi zilizolipiwa sana kwa njia hiyo ni ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma. Utaratibu wake hauhitaji shahada. Wananchi huchagua kamati. Kamati huenda halmashauri ya wilaya kuuliza shule yao imetengewa kiasi gani, au zahanati yao imepelekewa dawa gani. Kisha hurudi kijijini kulinganisha kilichoandikwa na kilichofika. Hatimaye matokeo husomwa mbele ya watu na mhusika hutakiwa kueleza. Mahali ulipofanywa kwa dhati, utaratibu huu umemfunza mwananchi kwamba hesabu za serikali ni mali yake, na umemfunza mtumishi kwamba kuulizwa si kutukanwa. Wanaodai kwamba ruzuku za namna hii ni njama tupu za mabeberu wangefaa kwanza wakae siku moja katika kikao ambacho mama mmoja ameshika karatasi ya mgao wa shule na kumwuliza mwalimu mkuu madawati yako wapi.

Lakini nitakuwa mnafiki nikiishia kwenye sifa. Tunaujua ugonjwa unaoitwa posho. Mradi wa kuimarisha mkutano wa kijiji unaanza kwa semina katika hoteli ya mjini. Wanaoalikwa ni walewale: mwenyekiti, mtendaji, katibu wa kikundi anayejua kuandika maandiko ya mradi. Nauli inalipwa, chakula kinalipwa, siku inalipwa. Mwananchi aliyebaki mlimani anajifunza somo moja, kwamba demokrasia ni kazi ya wenye kulipwa. Mwaka unaofuata ukimwita kwenye mkutano wake mwenyewe, juu ya kisima chake mwenyewe, anauliza bahasha iko wapi. Hapo ruzuku imekula mbegu iliyokuja kuipanda. Na kamati ya ufuatiliaji, ikiwa ilizaliwa na mradi, hufa siku mradi unapofungwa, ilhali kamati ya fedha ya kijiji, iliyozaliwa na sheria, imekaa pembeni miaka yote mitatu ikitazama.

Jambo la pili ni la majibu. Kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali yatangaze hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Nakubaliana na shabaha ya uwazi, ingawa ni haki pia kuuliza kama mzigo huo hauvibani vyama vidogo kuliko vikubwa. Lakini hata taarifa ikitangazwa, ikatiwa muhuri na kupelekwa Dodoma, na nyingine ya Kiingereza ikapelekwa Ulaya, je, mwanachama wa Kinole ameisoma? Chama kinachodai mtendaji wa kijiji asome mapato na matumizi, nacho hakijawahi kuwasomea wanachama wake fedha za mfadhili, kina mdomo mrefu na mkono mfupi.

Mfano wa kujifunza tunao hapahapa. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulianzishwa mwaka 1993, ukiwa na makao yake hapa Morogoro na kulelewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kaulimbiu yake mnaijua: mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Mtandao huu umepokea fedha za nje tangu ukiwa mchanga, wala haufichi. Kwa msaada wa Wafaransa yalijengwa masoko vijijini, mojawapo likiwa Nyandira, kule Mgeta. Kabla ya soko, mkulima wa mboga alikuwa peke yake mbele ya mchuuzi mwenye gari. Bei aliipanga mwenye gari, na lumbesa aliipanga yeyeyeye. Soko likaleta mahali pa kukutania, mizani, habari za bei, na bodi inayowakutanisha wakulima, wafanyabiashara na serikali ya mahali hapo.

Sisemi kwamba Nyandira hakuna magomvi. Panapokusanywa ushuru pana magomvi, na swali la nani achukue fungu gani kati ya bodi, kijiji na halmashauri ya wilaya haliishi kwa siku moja. Ila tazameni aina ya ugomvi. Watu wanagombania fedha waliyoizalisha wenyewe, katika kikao wanachokijua, na mjumbe wanayeweza kumwondoa. Nauthamini ugomvi huo kuliko ukimya wa semina kumi. Mfadhili alitoa saruji na mabati. Ushuru unaoendesha soko unatoka kwenye matenga ya Mgeta.

Mnakumbuka yaliyotokea mwaka 2025. Tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID, lililodumu tangu 1961, likawa limefungwa. Miradi iliyokuwa na magari, ofisi na mbao za majina ilisimama duniani kote kabla wanavijiji hawajaulizwa neno. Azimio la Arusha lilikwisha kuonya mwaka 1967 kwamba zawadi na mikopo huweza kuhatarisha uhuru wa anayetegemea. Wengine waliyachukulia maneno hayo kuwa ya zamani.

Kwa maoni yangu, basi, ruzuku ipokelewe, lakini ipewe kazi inayobaki. Ilipe ubao wa matangazo wa kijiji na rangi ya kuuandikia mapato na matumizi. Ilipe uchapaji wa sheria kwa Kiswahili chepesi, na mafunzo ya kamati ya fedha yafanyike chini ya mwembe wa kijiji, bila posho, kila mtu akitoka nyumbani kwake na kurudi kula kwake. Mkutano mkuu wa kijiji usomewe mkataba wa mfadhili kabla haujasainiwa, na uwe na haki ya kuukataa. Mfadhili atakayeona hilo linamchelewesha, mwacheni aende. Matombo tumeona mpango usiochelewa ulivyokwisha.

Na ada za wanachama zikusanywe hata kama ni ndogo. Elfu moja ya mwanachama ina uzito ambao milioni ya mgeni haina: inampa aliyeitoa haki ya kupiga meza.

Ndugu Mwenyekiti, nimearifiwa kwamba tumebakiwa na nusu saa ya maswali. Ningeomba swali la kwanza litoke kwa kina mama waliokaa nyuma kule, maana tangu asubuhi tumewasikia wenyeviti watupu.