Harufu Ile Jikoni

Msikilizaji, gesi ya mtungi haina harufu; uvundo ule hutiwa makusudi ili pua ikushtue. Nanyi wa maghorofa ya zamani, Upanga au Kariakoo jijini Dar es Salaam, gesi hii ni nzito kuliko hewa: hutuama sakafuni, hushuka ngazi hadi kwa jirani wa chini. Ukiinusa, usiguse swichi, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua madirisha, tokeni nyote, ndipo upige 114, Zimamoto.

Harufu hakuna ila una shaka na mpira wa gesi? Paka maji ya sabuni kwenye maungio. Yakifanya mapovu, panavuja. Kiberiti hapana! Na mpira uliopasuka haufungwi kwa gundi wala utepe, mafundi wa hivyo tunawajua. Nunua mwingine, na vibanio vyake.