Paka Wasiopata Mchukuaji: Tatizo Kuu la Vituo Visivyoua

1.0 Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya maofisa ugani, viongozi wa vijiji na watu wanaojitolea kutunza wanyama Nyabusozi na maeneo jirani ya wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera. Haikusudii kumlaumu mtu wala ofisi yoyote. Inaeleza kwa nini kituo cha paka kilichoanzishwa kwa moyo mwema hujaa, kisha hukwama, na nini kifanyike kabla mtu hajapigilia msumari wa kwanza.

2.0 Maana ya maneno

Kituo kisichoua ni kile ambacho hakimuui mnyama kwa sababu nafasi imekwisha. Sindano ya mwisho hupewa yule tu anayeteseka bila tumaini la kupona. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni kwamba asilimia 90 ya wanyama wanaoingia watoke hai. Nchini Tanzania, ustawi wa wanyama unasimamiwa na Sheria Na. 19 ya mwaka 2008.

3.0 Tatizo lenyewe

Kupokea paka ni kazi nyepesi, kwa kuwa huzaliana haraka. Jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huibeba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na kwa mwaka mmoja anaweza kuzaa zaidi ya mara moja. Kituo kikishajulikana, watu huacha maboksi ya watoto wa paka langoni usiku. Watoto hao hawana shida ya kupata mchukuaji: mwenye mahindi na maharage ghalani anawahitaji, na dume huondoka mapema kuliko jike kwa sababu hazai.

Wanaobaki ndio kiini cha mada hii.

Wa kwanza ni paka shume, aliyekulia vichakani. Mtoto wa paka humzoea binadamu akishikwashikwa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Dirisha hilo likipita, kumfuga ndani ni kazi ya miezi, na mara nyingi haifanikiwi. Ukimtazama ndani ya kizimba utamkuta amejibana kona ya nyuma, masikio yamelala, mboni zimetanuka, dagaa kwenye sahani hawajaguswa. Funika kizimba kwa kanga kuukuu, ondoka. Asubuhi sahani tupu. Si mkali, ana hofu. Lakini mgeni aliyekuja kuchagua paka haoni hofu, anaona kucha.

Wa pili ni kipofu, mzee na mwenye miguu mitatu. Kipofu huishi vizuri mradi sahani, maji na boksi la mchanga visihamishwe. Hukariri njia kwa masharubu na pua. Hata hivyo anayetafuta paka wa kukamata panya hamchukui, na huwezi kumlaumu.

Wa tatu ndiye mgumu kuliko wote: paka mwenye virusi vya FIV, vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, vilivyogunduliwa California mwaka 1986. Paka huambukizana hasa kwa kung'atana, na virusi hivyo kamwe haviambukizi binadamu. Paka mwenye virusi hivyo anaweza kuishi miaka mingi. Tatizo ni jina alilopewa mtaani: "ukimwi wa paka". Katika mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mwaka 1983, jina hilo pekee linatosha kufunga mlango. Mtaalamu anaweza kueleza mchana kutwa. Mama mwenye nyumba atasikiliza kwa heshima, atashukuru, na hatamchukua.

Hesabu yake ni kali. Kizimba cha paka asiyechukuliwa hakifunguki tena, na kila mwaka vizimba vya namna hiyo huongezeka. Siku moja kituo kinachojiita kisichoua kinakuwa kimejaa wakazi wa kudumu, mafua ya paka yanazunguka kutoka kizimba hadi kizimba, na wanaojitolea wamebaki wawili. Hapo paka hawauawi kwa sindano, wanakufa kwa msongamano.

4.0 Mfano wa Roma

Katikati ya Roma, kwenye magofu ya Torre Argentina yaliyofukuliwa miaka ya 1920, mahali alipouawa Julius Caesar, watu wa kujitolea huendesha kituo cha paka. Sheria ya Italia Na. 281 ya mwaka 1991 inakataza kuua paka wa mitaani kiholela. Wazima wamehasiwa na huishi magofuni. Vipofu na vilema hutunzwa ndani. Kwa wasiochukuliwa upo utaratibu wa kumlea paka kwa mbali: mtu hutoa fedha za matunzo na paka hubaki kituoni. Hata hivyo, mwaka 2012 mamlaka ya mambo ya kale ilitaka kukiondoa kituo hicho. Kukosa hati ya eneo kunaweza kukitikisa hata kituo chenye marafiki dunia nzima.

5.0 Mapendekezo

(a) Kuhasi na kufunga kizazi kutangulie ujenzi wa kituo. Kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, si fundi wa kijiji mwenye wembe.

(b) Kila paka anayepita achanjwe kichaa cha mbwa.

(c) Paka shume aliyehasiwa akatwe ncha ya sikio la kushoto akiwa bado chini ya dawa ya usingizi, ili asikamatwe mara ya pili.

(d) Paka shume wapelekwe kwenye maghala ya vyama vya ushirika na ya shule. Kwanza wakae kizimbani humo humo ghalani wiki mbili hadi nne, wakilishwa saa ile ile kila siku. Bila hivyo watatoroka. Sumu ya panya isitumike tena mahali hapo.

(e) Wasipelekwe kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019. Paka wa nyumbani huzaliana na paka pori wa Afrika na kuharibu kizazi chake.

(f) Boksi la mchanga lisafishwe kila siku, kwa kuwa vimelea vya toksoplasma vilivyo kwenye kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kuwa tayari kuambukiza. Wajawazito wasipewe kazi hiyo.

(g) Idadi ya vizimba vya wakazi wa kudumu iandikwe kwenye katiba ya kikundi na isivukwe.

(h) Paka mwenye FIV aliyehasiwa na asiye mgomvi atafutiwe nyumba isiyo na paka mwingine, na mchukuaji aelezwe ukweli wote.

(i) Hati ya eneo ipatikane kabla ya paka wa kwanza kupokelewa.

(j) Inarudiwa kwa makusudi: kuhasi kwanza, kituo baadaye.

6.0 Hitimisho

Inafahamika kwamba bajeti ya mifugo ina ng'ombe, mbuzi na kuku wa kuhudumia, na paka hauzwi mnadani. Kwa hiyo washiriki wa kikao wanaombwa wasitoke na azimio la kujenga kituo. Watoke na tarehe ya kambi ya kwanza ya kuhasi na kuchanja, jina la daktari atakayeisimamia, na orodha ya maghala yaliyo tayari kupokea paka.