Saruji Mikononi: Ngozi Imeungua au Imekataa?

(Maneno ya hotuba kwa mafundi, vibarua na wakulima)



Leo nataka kuwaeleza habari za ugonjwa wa ngozi unaowapata watu kwa sababu ya vitu wanavyovishika kazini na nyumbani. Twauita ukurutu wa kugusa. Hauambukizi, wala haukuletwa na uchafu au uchawi. Hivyo hakuna sababu ya kukataa kumpa mkono mgonjwa wake. Lakini uko wa namna mbili, na asiyejua kuzitenga aweza kuacha kazi yake bure, au kung'ang'ania kazi ambayo yazidi kumwumiza.

Na tutwae mfano wa mafundi wawili wa kujenga. Wote wawili wachanganya saruji, na wote wawili mikono yao imepasuka na yatoa maji. Msimamizi awatazama, asema, "Ugonjwa ni mmoja." La, huenda si mmoja.

Fundi wa kwanza ameunguzwa. Saruji ikitiwa maji huwa kali kama chokaa, nayo huondoa mafuta ya ngozi na kuila kidogo kidogo. Mtu ye yote akiishika kwa wingi na kwa muda mrefu ataungua, hata ngozi yake iwe ngumu namna gani. Kwa kawaida huyu husikia mchomo na maumivu kuliko mwasho, na kidonda hukaa pale pale palipoguswa. Kitu kikali sana huunguza kwa dakika au saa chache. Kitu hafifu, kama sabuni na maji, huchukua majuma mengi. Ndiyo maana vidole vya mama afuaye nguo kila siku hupasuka. Namna hii ndiyo iliyo ya watu wengi zaidi.

Fundi wa pili hakuungua. Mwili wake umekataa. Hali hii huitwa mzio, au aleji. Ndani ya saruji huwamo madini kidogo yaitwayo kromi. Mwili wa mtu mmoja huyaona kama adui, na mwili wa jirani yake hauyajali. Mara ya kwanza hapaonekani kitu, kwa maana mwili ungali wajifunza, kama askari anayeoneshwa sura ya mwizi. Kujifunza huko huchukua siku kumi au zaidi, na kwa wengine miaka mingi. Lakini ukisha kujifunza, ni vigumu mno kusahau. Tangu hapo kiasi kidogo tu chatosha kuleta vipele vyenye maji na mwasho mkali, baada ya siku moja hadi tatu. Navyo huweza kuvuka mahali palipoguswa, vikapanda mkononi, hata vikatokea penye kope za macho. Basi mtu akisema, "Nimeshika saruji miaka kumi, haiwezi kuwa saruji," maneno hayo si ushahidi.

Kabla ya kwenda kwa daktari, jiulize maswali haya manne, umpelekee na majibu:

1. Ilianza baada ya saa chache, au siku ya pili na ya tatu?
2. Yachoma zaidi, au yawasha zaidi?
3. Imekaa palipoguswa tu, au imeenea?
4. Wenzangu wa kazi hiyo hiyo wanayo, au ni mimi peke yangu?

Jambo la kukumbuka ni kwamba vitabu vingi hutaja wekundu wa ngozi. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tutazame weusi uliozidi, rangi ya zambarau, uvimbe na ngozi kukwaruza.

Hata hivyo maswali hayo hayatoshi. Yule mdudu mdogo mweusi na mwekundu aitwaye Nairobi fly haumi. Akipondwa juu ya ngozi maji yake huunguza, na malengelenge huweza kutokea siku ya pili, kana kwamba ni mzio. Tena mkono mmoja waweza kuwa na magonjwa yote mawili, kwa kuwa ngozi iliyokwisha kuungua huipa kromi njia ya kuingia.

Njia ya hakika ni kipimo cha viraka, ambacho daktari Josef Jadassohn alikieleza mwaka wa 1895. Dawa zilizopimwa kwa kiasi hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, kisha daktari hutazama, na hutazama tena siku ya tatu au ya nne. Alama ya kuungua kwa kawaida hufifia. Alama ya mzio huzidi. Usijaribu jambo hili nyumbani kwa kujibandika saruji, utajiunguza tu.

Faida ya kujua ni hii. Fundi wa kwanza akipona aweza kurudi kwenye saruji yake, mradi avae glavu zisizopitisha maji, anawe upesi, na kupaka mafuta jioni. Fundi wa pili, glavu peke yake huenda zisimwokoe. Tena akipewa glavu za ngozi aweza kuzidi kuugua, maana ngozi nyingi za viatu na glavu hutengenezwa kwa kromi. Huyu yafaa apewe kazi nyingine hapo hapo kiwandani, kama useremala, si kufukuzwa. Dawa ya kutia katika saruji ili kupunguza nguvu ya kromi yajulikana: Denmark iliilazimisha kwa sheria mwaka wa 1983.

Wakulima nao wasijione wako mbali. Maji ya mkonge huunguza; maua ya pareto huleta mzio kwa baadhi ya wachumaji.

Nawasihi msipake mafuta ya taa, wala maji ya betri, wala krimu za kujichubua. Na ninyi wenye kuajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yawataka kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfanyakazi naye asifiche mikono yake kwa kuogopa kufukuzwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na fundi mwenye mikono mizima ni mali ya jamaa yake na ya tajiri wake pia.