Mvuta Bangi na Silaha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, kisha akamfanya kuwa mwenye kuulizwa juu ya matendo yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya haya, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, twakuusieni, na twajiusia nafsi zetu, kumcha Yeye kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, jambo tunalokusudia kulisema leo limetufikia kutoka mbali. Katika miji ya Marekani, kama Minneapolis na Columbus, wanaishi ndugu zetu wengi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, na baadhi ya vijana wao hutuuliza: Mtu avutaye bangi katika jimbo ambalo bangi imeruhusiwa, je, anayo haki ya kumiliki bunduki?

Ili jibu lifahamike, yapasa kwanza kuijua hali ya nchi ile. Katiba yao, kwa Rekebisho lake la Pili la mwaka 1791, imempa raia haki ya kuwa na silaha. Kisha mwaka 1968, mwaka waliouawa kwa risasi Martin Luther King na Robert Kennedy, ilitungwa sheria ya kudhibiti bunduki, nayo ikawataja watu wasioruhusiwa kumiliki silaha. Miongoni mwao ni mwenye kutumia dawa za kulevya kinyume cha sheria, au aliyekwisha kuwa mtumwa wa dawa hizo. Mwaka 1970 sheria nyingine ya serikali kuu ikaitia bangi katika daraja la dawa zilizokatazwa kabisa. Lakini majimbo yakashika njia yao. California iliiruhusu kwa wagonjwa mwaka 1996. Colorado na Washington yakairuhusu kwa starehe mwaka 2012. Minnesota na Ohio yakafuata mwaka 2023.

Matokeo yake ni ya ajabu. Mtu huinunua bangi dukani mchana kweupe, akapewa na risiti, kisha akavuka barabara kuingia duka la bunduki, na huko akawekewa mbele yake fomu ya serikali kuu imwulizayo kama yeye ni mtumiaji. Mwaka 2016 fomu hiyo iliongezewa onyo kwamba ruhusa ya jimbo haiondoi katazo la serikali kuu. Akijibu ndiyo, hauziwi. Akijibu siyo, naye ni mtumiaji, amesema uongo katika hati ya serikali, na hilo ni kosa la jinai.

Mahakama zao nazo zimekhitalifiana. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ya majimbo ya magharibi iliikubalia serikali katika shauri la mwanamke wa Nevada aliyenyimwa bunduki kwa kuwa na kadi ya bangi ya tiba tu, ingawa mwenyewe alisema haitumii. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikaweka kipimo kipya: sheria ya silaha lazima ilingane na mapokeo ya kale ya nchi. Hapo mawakili wakaanza kufukua vitabu, hata ikatajwa sheria ya Virginia ya mwaka 1655 iliyokataza kupiga bunduki katika karamu za ulevi, isipokuwa kwenye harusi na mazishi. (Sisi hatujui mlevi wa harusini ana ubora gani kuliko wenziwe.) Mwaka 2023 mahakama ya rufani iliyoko New Orleans ikaibatilisha hukumu ya mtu aliyekutwa Mississippi garini mwake na bunduki na vipisi vya bangi, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba alikuwa amelewa saa ile. Na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu yenyewe ikakubali kusikiliza shauri la namna hiyo lililotoka Texas.

Hayo ndiyo yao. Sisi Waislamu twatazama kwa mizani gani?

Bangi yenyewe haina mjadala mrefu. Mtume (S.A.W.) alikataza kila chenye kulevya, na katika mapokezi ya Ummu Salama aliongeza kila chenye kulegeza mwili na akili. Ibn Taymiyya aliiandikia hashishi kwa ukali, na az-Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliitungia kitabu kizima. Walikhitalifiana juu ya adhabu yake, kama ni hadi au ni taaziri. Uharamu wake hawakuutilia shaka.

Ama silaha, tazameni jinsi Mtume wetu alivyoiwekea adabu. Apitaye msikitini au sokoni na mishale alimwamuru aishike ncha zake asije akamdhuru Mwislamu. Alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui, pengine Shetani atauvuta mkono wake. Haya waliambiwa masahaba, watu wa sala za usiku, na akili zao zi timamu. Ikiwa mkono wa mtu mzima wa akili wakhofiwa hivyo, je, mkono wa aliyeuondolea mlinzi wake kwa hiari yake mwenyewe?

Kijana atasema: Mimi huvuta usiku, asubuhi nimezindukana, na bunduki siishiki ila nikiwa mzima. Twamjibu kwamba bunduki hailali. Imo ndani ya nyumba usiku ule ule avutao. Yeye hachagui saa ya kugombana na mkewe, wala saa atakayosikia kishindo mlangoni akadhani ni mwizi, kumbe ni mwanawe. Wala hachagui saa ya huzuni. Katika Marekani zaidi ya nusu ya wafao kwa risasi ni watu waliojiua wenyewe, na wengi wetu twajua kwamba vijana huikimbilia bangi kwa sababu ya huzuni.

Lakini, ndugu zetu, tusiwadhulumu watu kwa kujiona wema. Sheria yetu haikusema kwamba aliyeteleza mara moja amevuliwa haki zake maisha. Katika Sura ya An-Nisaa tumekatazwa kuwapa mali wasio na busara, na aya inayofuata imetuamuru tuwajaribu mayatima, na tukiona wamepata uongofu wa akili tuwarudishie kilicho chao. Kuzuiliwa kunafungamana na hali ya mtu. Hali ikibadilika, kizuizi huondoka. Kwa maoni yetu huu ndio mwendo wa haki katika silaha: mwenye mazoea ya kulewa izuiliwe kwake maadamu yu katika mazoea hayo, na akiacha, akajaribiwa muda wa kutosha, arudishiwe.

Na uthibitisho uwe uthibitisho. Wanavyuoni wetu wa zamani walijadili kama harufu ya pombe kinywani yatosha kumhukumu mtu: Imam Malik akaikubali, Imam Shafi na Abu Hanifa wakaikataa. Twaona kwamba swali la mahakama ya New Orleans si geni kwetu. Mabaki ya bangi huonekana katika mkojo siku nyingi, pengine wiki kadhaa, baada ya ulevi kwisha. Basi kipimo hicho chaeleza kwamba mtu alitumia, hakielezi kwamba sasa hivi amelewa. Mgonjwa naye ana hukumu yake. Wanavyuoni waliruhusu mtu apewe dawa ya kuondoa fahamu akikatwa kiungo, kwa dharura. Mwenye maumivu makali asiyepata tiba nyingine kwa kauli ya waganga waaminifu si mhalifu, wala asiitwe hivyo. Lakini udhuru humwondolea dhambi, haumwondolei hatari, na silaha akae nayo mbali.

Jambo moja katika sheria ile hatuwezi kulinyamazia. Imemtaja mvuta bangi, ikamwacha mnywaji pombe. Mtu aweza kulewa kila jioni ya maisha yake na haki yake ya bunduki haiguswi na katazo lile. Hii si hekima, ni mazoea ya watu kukichukia kileo cha wengine na kukisamehe chao. Uislamu haukugawa hivyo.

Hapa kwetu bunduki hupatikana kwa leseni, si haki ya kila raia, na sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, humzuilia leseni mtu mwenye mazoea ya ulevi na asiye timamu wa akili. Lakini afisa wa leseni haingii vyumbani mwenu. Anayejua kwamba mlinzi wa duka huvuta kabla ya zamu ni mwenye duka. Anayejua kwamba kijana avuta, na kwamba bastola ya marehemu baba yake imo kabatini, ni mama yake na ami zake. Hao ndio wenye kuulizwa. Waiondoe leo, waikabidhi polisi au kwa mzee mwenye leseni aliye mwaminifu, wala wasingojee mpaka kijana akiri.

Ama wewe kijana uliyetuuliza, nayo fomu i mbele yako: umeingia nchi ya watu kwa ahadi, na Mwenyezi Mungu ametuamuru tutimize ahadi. Kama u mtumiaji, usiandike kwamba si mtumiaji. Iache bunduki dukani. Ukiisha kuiacha bangi, ukapita mwaka nayo hukuigusa, na bado ukaona una haja ya silaha, rudi ujaze fomu ile kwa ukweli.

Twasema maneno haya, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha.