Likizo ya uzazi: hakikisha jina lako limeandikishwa

Leo tunazungumza na wewe uliyetoka kambini kutafuta kazi mjini, na wewe ambaye mkeo au binti yako anafanya kazi huko.

Tuseme umepata kazi ya usafi katika kampuni kule Busanza, wilayani Kicukiro, Kigali. Mshahara ni faranga 100,000 kwa mwezi. Sasa una mimba. Je, ukijifungua utaendelea kulipwa?

Zamani, mama aliyebaki nyumbani baada ya wiki 6 alipewa asilimia 20 tu ya mshahara wake. Wengi walirudi kazini mtoto angali mchanga sana. Mwaka 2016 Rwanda ilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa likizo ya uzazi. Mfanyakazi huchangia asilimia 0.3 ya mshahara, na mwajiri asilimia 0.3. Kwa mfano wetu, ni faranga 300 kutoka kwako na 300 kutoka kwa mwajiri. Wanaume pia huchangia. Mwaka 2023 likizo ya mama iliongezwa kutoka wiki 12 hadi 14, kwa mshahara kamili. Baba naye ana siku 7.

Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi Rwanda. Lakini mfuko huu uko RSSB, na RSSB inamjua yule tu aliyeandikishwa na mwajiri wake. Ukifanya kazi kwa maneno ya mdomo, unaweza kujifungua ukabaki mikono mitupu.

Basi fanya haya mapema. Kwanza, omba mkataba wa maandishi. Makubaliano ya mdomo hayatakiwi kupita siku 90. Pili, peleka kitambulisho chako cha mkimbizi, uulize kama umeandikishwa RSSB. Ukiambiwa "tutaona", uliza tena. Tatu, tazama karatasi ya mshahara kama mchango wa uzazi unakatwa kila mwezi. Nne, mjulishe mwajiri kabla ya kujifungua, ukiwa na karatasi ya daktari.

Mwajiri haruhusiwi kukufukuza ukiwa kwenye likizo hiyo. Akikunyima haki yako, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Kwa anayefanya kazi Busanza, ni katika ofisi ya Wilaya ya Kicukiro.

Na nyinyi mliobaki kambini, jirani akifunga mizigo kwenda Kigali kutafuta kazi, msomeeni karatasi hii kabla hajapanda gari.